Karakana Haina Sofa

Kijana anayetoka chuo cha VETA na cheti cha ufundi bomba anajua kuchomelea mabomba ya PPR, kukata uzi kwenye bomba la chuma na kusoma mchoro wa mfumo wa majitaka. Ila alifundishwa katika chumba kisicho na sofa. Karakana haina mapazia wala kabati la vyombo vya glasi. Hakuna mtoto wa miaka mitatu anayetaka kushika grenda, hakuna bibi aliyejilaza chumba cha pili na asiyetaka makelele. Maji yakimwagika karakanani yanatafuta mfereji wa sakafu na kupotelea humo. Yakimwagika nyumbani kwa mtu pale Sinza, yanatafuta zulia.

Nawaandikia mafundi wa namna hiyo, wale wa bomba hasa, ingawa wa umeme, wa vigae na wa dari nao watajiona humu. Kufunga koki mnajua. Ninachosema ni kwamba aibu nyingi zinazompata fundi nyumbani kwa mteja humkuta kabla hajakata bomba au baada ya kuliunganisha: wakati wa kuingia, wa kufunga maji, wa kusogeza vitu, wa kuaga. Nyakati hizo fundi hadhani kama yuko kazini, na ndizo zinazomlia faida yake.

Tuanze mlangoni. Hata kama mama mwenye nyumba amekwambia kwa simu, "Njoo tu fundi, geti liko wazi," piga hodi na usubiri mpaka sauti ya mtu mzima ikukaribishe. Sababu ya kwanza ni mbwa, na kwa hilo sina haja ya kueleza zaidi. Sababu ya pili ni stara. Watu wa ndani wanahitaji dakika moja ya kujitanda khanga, kuondoa nguo za ndani bafuni, kumwamsha mzee. Ukiingia kabla ya dakika hiyo, umeshaharibu siku hata kabla hujafungua mkoba.

Ukikuta yupo mtoto tu, au dada wa kazi peke yake, mpigie mwenye nyumba simu palepale mlangoni, weka sauti kubwa, waache wazungumze wao kwa wao. Usione ni kupoteza muda. Kikipotea kitu jioni, wa kwanza kuulizwa ni huyo dada, na wa pili ni wewe.

Viatu vinasumbua kuliko watu wanavyofikiri. Desturi yetu ni kuvua mlangoni, na fundi anayepita sebuleni na buti lenye tope la Mbagala hatasamehewa hata akifanya kazi nzuri. Lakini kufanya kazi peku kwenye sakafu yenye maji, na pengine drili ya umeme mkononi, ni kujitafutia jeneza. Tafuta jozi ya viatu vya mpira vilivyofunika vidole, vioshe, vifunge kwenye mfuko wa peke yake, visikanyage nje kamwe. Ukiviona vinamtia mteja wasiwasi, mwambie, "Mama, hivi ni vya ndani tu, nimeviosha." Sijaona mteja aliyekataa.

Kisha, kabla ya spana yoyote kutoka, zunguka na mwenyeji mahali pa kazi na utaje kwa sauti vilivyoharibika tayari: kigae chenye ufa, koki inayocheza, doa la maji darini, mlango wa bafu usiofunga. Usiviseme kwa kulaumu. "Baba, hiki kigae naona kina ufa, sivyo?" Akisema ndiyo, yamekwisha. Simu yako ina kamera; omba ruhusa upige picha, na upige kigae, usipige kitanda cha watu. Swali moja la ziada linafaa hapo hapo: mwenye nyumba ana habari? Wateja wengi wa Dar es Salaam ni wapangaji. Mpangaji anaweza kukuagiza utoboe ukuta kwa moyo mweupe kabisa, mwenye nyumba akaja Jumamosi kuchukua kodi na kuulizia nani kamtobolea, na jina litakalotajwa ni la fundi.

Sasa maji, ambako fedheha kubwa zaidi hutokea.

Nyumba ya kawaida ya mjini ina maji ya aina mbili: ya laini ya DAWASA na ya tanki lililo juu ya mnara au juu ya zege. Fundi mgeni anaifunga koki ya mita, anafungua sinki la jikoni, anaona mchirizi umepungua, anachukua msumeno. Lita 1,000 za tanki zinamjia usoni. Tani nzima ya maji hiyo. Kwa hiyo usiulize, "Koki ya maji iko wapi?" Uliza, "Maji yanaingia nyumba hii kwa njia ngapi?" Fuata bomba kwa macho kutoka tanki kwenda chini, tafuta kiungo kinachounganisha laini ya mtaa na ya tanki, funga zote mbili. Halafu fungua koki iliyo chini kuliko zote ndani ya uzio, mara nyingi ile ya bustani au ya kufulia nje, na uisubiri. Ikiendelea kutoa mchirizi mwembamba baada ya mabomba kukauka, basi kuna valvu isiyofunga, na ni bora ujue sasa hivi.

Valvu za zamani zina ubaya wake. Geti valvu iliyokaa miaka mingi bila kuguswa hushikwa na kutu na chumvi, hasa nyumba zilizowahi kutumia maji ya kisima cha pwani. Ukiikaza kwa nguvu ya spana, shina lake hukatika, na sasa una valvu isiyofunga wala kufungua na maji yanatoka shingoni mwake. Izungushe kidogo, irudishe, kidogo tena, irudishe. Ukiona kichwa kinazunguka bila kufika mwisho, jua lile geti la ndani limeshaachana na shina. Mkono wako hauwezi tena kukwambia kama limefunga au halijafunga. Hapo simama, useme kabla hujagusa zaidi: "Mzee, hii valvu imeshakufa. Tuibadilishe kwanza, tuweke ya mpini, au tusubiri tanki liishe." Akiambiwa mapema, mteja anasikia ushauri. Akiambiwa wakati maji yanaingia chumbani, anasikia kisingizio, hata kama maneno ni yale yale.

Usisahau pampu. Nyumba nyingi zina pampu ndogo yenye kidude cha kujiwasha yenyewe presha inaposhuka. Wewe umefunga maji, presha imeshuka, pampu imewaka nyuma ya nyumba na inazunguka kavu. Sili yake inaungua wakati wewe uko bafuni unapima kwa futikamba. Zima pampu ukutani kabla ya kufunga koki yoyote, na hita ya maji pia. Hita usiiwashe tena mpaka maji yametoka kwenye koki ya moto mfululizo bila kukohoa hewa, maana kipasho kisicho na maji hakidumu.

Wale wa PPR mna kisa chenu. Mashine ipo nyuzi joto 260, bomba la milimita 20 linataka sekunde 5, la milimita 25 sekunde 7, na ncha zote ziwe kavu. Ila bomba la ukutani bado linadondosha tone baada ya tone. Tone likikutana na plastiki iliyoyeyuka linakuwa mvuke, na mvuke unaacha tundu ndani ya kiungo ambalo hutaliona. Mafundi wa siku nyingi husokomeza kipande cha mkate laini, kisicho na ganda, kikazuia maji kwa muda wa kuchomelea. Ni mbinu nzuri, lakini mkate hauyeyuki kama sukari. Unasafiri kwenda kwenye koki ya kwanza yenye kichujio na kujazana humo. Kesho yake mteja anapiga simu kwamba koki mpya haitoi maji. Kwa hiyo ukishamaliza, fungua kwanza koki isiyo na kichujio, ile ya nje, iache ipige kwa dakika kadhaa, halafu fungua vichujio vya zile nyingine uvisafishe. Na usimweleze mteja habari za mkate kabla hujamaliza kusafisha. Watu wengine hawapendi kusikia chakula kimeingizwa bombani.

Kuna mkosi mmoja ambao wenzetu wa nchi zenye maji ya saa 24 hawaujui. Siku ya mgao, fundi anafungua koki kujaribu: kimya. Anafungua ya pili: kimya. Anaendelea na kazi yake, anamaliza, anaaga. Saa nane usiku maji yanarudi mtaani, na zile koki mbili bado ziko wazi, moja juu ya sinki ambalo tundu lake limezibwa na kitambaa chako. Wenye nyumba wanaamka miguu imegusa maji. Mahali ambapo maji hayatoki, ihesabu kila koki kuwa iko wazi mpaka mkono wako umeifunga. Pita zote kabla ya kuondoka, pamoja na ya bustani na ile ndogo iliyo nyuma ya choo.

Na kama siku nzima maji hayakurudi, kazi haijajaribiwa. Mwambie mteja hivyo kwa maneno hayo hayo, acha sehemu uliyoitengeneza ikiwa imefungwa kwa valvu yake, chukua sehemu ya malipo, rudi maji yakirudi. Najua inauma kurudi Kimara kutoka Temeke kwa ajili ya kufungua koki moja na kuitazama. Lakini fikiria hesabu hii: tanki lililo mita 4 juu ya koki linatoa presha ya kama baa 0.4 tu. Laini ya mtaa inaweza kuwa na mara kadhaa ya hiyo, na usiku, watu wakishalala na koki zao zikiwa zimefungwa, presha hupanda zaidi. Kiungo kilichotulia mchana kwa maji ya tanki kinaweza kuanza kulia usiku kwa maji ya mtaa. Kijaribu kwa presha kubwa kuliko zote zilizopo nyumbani humo.

Kosa la mgao lina ndugu yake upande wa umeme, naye huyu anaua. Umeme umekatika mtaa mzima. Fundi anaona ni bahati, anafungua soketi bila kushusha swichi kubwa. Au LUKU imeisha uniti, nyumba iko giza, mteja yuko chumbani anaingiza tarakimu za tokeni kimya kimya wakati wewe umeshika waya. Umeme usiokuwepo haujazimwa. Shusha swichi kubwa, weka kipande cha tepu juu yake, mwambie kila aliyemo ndani asiiguse, na tarakimu za LUKU zisubiri. Testa nayo ijaribiwe kwanza mahali penye umeme uliouhakikisha, ndipo uiguse kwenye waya wako, kisha uirudishe tena kwenye ule wenye umeme. Testa iliyokufa haiwaki popote, na mtu akiiamini anafikiri waya ndio uliokufa.

Fundi bomba atakutana na umeme mara nyingi kuliko anavyopenda, kwa sababu ya hita za kuogea. Mteja amenunua Kariakoo hita ya kilowati 5.5, anasema, "Fundi, chomeka tu hapo kwenye waya wa taa." Kwa volti 230 hita hiyo inavuta kama ampea 24. Waya wa taa ni wa milimita mraba 1.5. Utapata joto kabla ya maji. Kazi ya kufunga umeme ina leseni yake inayotolewa na EWURA, na kama huna, jibu lako ni fupi: bomba nitaunganisha, umeme aitwe fundi wake. Utapoteza elfu kadhaa siku hiyo. Nyumba haitaungua.

Tukija kwenye kutoboa ukuta, hakuna sauti mbaya kama ya drili inayobadilika ghafla kutoka kukwaruza tofali hadi kulainika. Ni bomba hilo. Au waya. Kanuni ya mafundi waangalifu ni kwamba bomba hupanda wima au kwenda mlalo kutoka kwenye koki, na waya vivyo hivyo kutoka kwenye soketi au swichi, kwa hiyo usitoboe juu, chini wala ubavuni mwa hivyo. Hiyo ni kanuni ya aliyejenga kwa uaminifu. Mitaani kwetu kuna aliyepitisha bomba mshazari ili kuokoa futi tatu. Gonga ukuta kwa kidole, tafuta alama ya plasta iliyozibwa, angalia upande wa pili wa ukuta kuna nini, na muulize mwenye nyumba kama anazo picha za wakati wa ujenzi. Siku hizi watu wengi wanazo kwenye simu na hawajui kwamba zina faida.

Zanzibar, katika nyumba za Mji Mkongwe, shida hugeuka. Kuta zile ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na drili ya kugongagonga hubomoa chokaa inayoshika jiwe, ukaishia na shimo la ngumi mahali ulipotaka tundu la skrubu. Zima kugonga, tumia mzunguko peke yake, na usizibe kwa saruji ngumu juu ya chokaa, maana saruji inafungia unyevu ndani ya ukuta na plasta inabanduka. Kwa kazi yoyote kubwa huko kuna taratibu za uhifadhi, na anayepaswa kuzifuatilia kabla hujabeba drili ni mwenye nyumba.

Kwenye ghorofa, zile za Upanga na Kariakoo hasa, mteja wako si mmoja. Ukifunga bomba kubwa linalopanda, umefunga maji ya ngazi nzima, na kuna mtu ghorofa ya tatu yuko bafuni ana sabuni machoni. Pita milangoni useme mapema. Maji ukimwaga juu, dari ya wa chini italia, na yeye hakukuita, hakukubaliana nawe bei, hana sababu hata moja ya kukuvumilia.

Choo kilichoziba kinataka swali moja kabla ya yote: "Mmeshamwaga nini humu?" Watu huanza kwa kujitibu. Kama wamemwaga jiki, nawe ukaongeza asidi ya kusafishia choo, mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, na bafu letu la kawaida lina kidirisha cha ukubwa wa daftari. Watu hukohoa hadi damu. Wakisema jiki, au wakisema hawakumbuki, usiongeze dawa yoyote. Mwaga maji mengi kama yanapita, fungua milango, tumia waya wa kuzibulia, na anza uchunguzi nje kwenye chemba. Mara nyingi kizibo kiko huko, na chooni ulikuwa unahangaika bure.

Vitu vidogo ndivyo vinavyokula fedha ya fundi polepole. Funga kifuniko cha choo kabla ya kufanya chochote juu yake, kwa sababu paipu renchi ikiponyoka inaangukia kauri, na kauri haigongwi mara mbili. Ziba tundu la sinki kwa kitambaa ili nati isitumbukie, lakini kifunge kitambaa uzi mrefu unaoning'inia nje, ukisahau kukitoa uzi ukukumbushe. Koki ya kung'aa usiikamate kwa meno ya renchi. Izungushie kitambaa au tumia spana bapa. Nati za plastiki na za chini ya beseni kaza kwa mkono, kisha robo mzunguko tu. Ukisikia beseni linalia "tik", umeshachelewa.

Darini kuna hatari ambayo macho hayaioni. Jipsamu bodi inaonekana imara ukiitazama kutoka chini, na vyuma vyake vyembamba vimefungwa kushika bodi, havikufungwa kushika mtu. Mguu ukitoka kwenye mbao ya paa, utatokeza sebuleni wakati watu wanaangalia taarifa ya habari. Panda na ubao mrefu, ulaze juu ya mbao mbili au tatu, utambae juu yake. Na panda kabla ya saa nne asubuhi. Chini ya bati la Dar mwezi wa Februari, saa saba mchana, mtu huanza kufanya makosa kabla hajatambua kwamba amelegea.

Sasa tuseme umevunja. Umefanya yote haya na bado kigae kimepasuka chini ya tindo lako. Mwite mwenye nyumba hapo hapo, kabla ya kufagia. "Mama, njoo uone. Kigae hiki kimepasuka mkononi mwangu." Usianze na historia ya kigae. Usizibe ufa kwa saruji nyeupe; ataugundua siku ya kudeki, na kuanzia siku hiyo kila kitu kitakachoharibika nyumbani mwake, hata feni, umekiharibu wewe. Muulize kama vilibaki vigae vya ujenzi, watu wengi huweka boksi stoo au nyuma ya tanki. Kama havipo, omba hata boksi tupu, kwa sababu limeandikwa namba ya rangi na ya kipimo. Kigae cha jina lile lile chenye namba tofauti kikiwekwa pale kitaonekana kiraka.

Nani alipe? Msimamo wangu, ambao mafundi wengine hawaupendi: kilichovunjika kwa mkono au kifaa chako unalipa wewe, hata kama kinazidi ufundi wa siku hiyo. Kilichokuwa kimeshaoza, nawe ukakitaja kabla ya kukigusa, ni cha mwenye nyumba. Kati ya hivyo viwili kuna eneo la mazungumzo, na hapo kugawana nusu kwa nusu si unyonge. Ila uwe na pesa ya kulipia. Fundi anayetenga kidogo katika kila kazi kwa ajili ya siku hiyo anaweza kusema "nitalipa" bila sauti kutetemeka. Asiyetenga husema "nitaleta kesho", kisha anazima simu, na mtaa mzima unapata habari.

Kuhusu kushukiwa wizi, njia ni kutotoa nafasi ya shaka. Mkoba wako uwe mmoja na ukae mahali panapoonekana. Saidia fundi wako asizurure, na simu yake asiichaji chumbani bila kuomba. Ukihitaji kusogeza saa, hereni au pesa iliyo juu ya kabati, usisogeze. Mwite mwenyewe aziondoe. Koki kuukuu na vipande vya shaba ulivyotoa viweke juu ya gazeti umwulize anataka kuvihifadhi au la, kwa sababu mnunuzi wa skrepa anavilipia na mteja anajua. Risiti za vifaa mpe zote. Kama duka limekupa cha juu, bei ya risiti na bei uliyomtajia mteja zikitofautiana utaaibika mbele ya watoto wake.

Ukikaribishwa chakula, kaa ule, hata kidogo. Kukataa kabisa kunasomwa vibaya. Mwezi wa Ramadhani usiombe maji ya kunywa katika nyumba ya waliofunga, nenda nayo na unywe nje kwa siri.

Kuna maneno mengine ya ukarimu yanayozaa matatizo: "Fundi, kwa kuwa upo, niangalizie na hiki." Hiki ni koki ya jikoni, kisha mlango wa kabati, kisha feni. Kila kitu unachokigusa bure kinakuwa chako kikiharibika wiki ijayo. Kitaje bei yake, hata iwe ndogo, au sema hukijui. Fundi bomba hana ubaya akisema feni haijui.

Mwisho wa kazi, fagia mwenyewe, usimwachie dada wa kazi. Maji yenye saruji au grauti usiyamwage kwenye tundu la bafu. Yataganda kwenye trapu na utaitwa tena kwa kazi isiyolipwa. Yamwage nje kwenye mchanga. Kisha mchukue mtu mzima mmoja wa nyumba hiyo, mpeleke kwenye valvu ya kufunga maji yote, mfanye aifunge na kuifungua kwa mkono wake mwenyewe, na uzungushie tepu nyekundu. Usiku simu ikilia kwamba kuna kiungo kinavuja, utamwambia aifunge ile ya tepu nyekundu, azime pampu, na kwamba saa moja asubuhi utakuwa hapo. Halafu uende kweli, saa moja, na usimtoze kurudi.